Mrejesho: Inspekta wangu anayemtafuta mwenzake aliyetoweka

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliwaeleza kuwa riwaya yangu imekwama sura ya 4: inspekta wa hapa Nairobi anamtafuta afisa mwenzake aliyetoweka, lakini anakaa saa 24 akisubiri "sheria" imruhusu kuanza, na hadithi inalala. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyeniambia kuwa si lazima kusubiri hizo saa 24 kuripoti mtu aliyepotea ndiye aliyenikwamua. Sasa mke anaingia kituoni alfajiri, leso bado mabegani, anapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Inspekta anarudisha kurasa za kitabu nyuma na kukutana na mwandiko wa mwenzake, wino wa buluu, maelezo yamekatika katikati ya sentensi. Ukurasa huo niliuandika kwa kikao kimoja.

Dada aliyetaja kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi, Mungu akubariki. Mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, anaweza kuhesabiwa amefariki. Basi hadithi inaishia mwaka huo wa 7, mbele ya mahakama za Milimani, inspekta akimsihi mke asiingie.

Ushauri wa kumpa aliyetoweka sura zake mwenyewe nilijaribu ukanishinda. Akishasema tu, hofu yote inakwisha. Nilifuta kurasa 30, na roho iliniuma kweli.

Sheng ya vijana wa River Road bado haijakaa sawa. Kijana mmoja wa huko ananisomea wiki hii.