Wewe wakala unayezunguka Mombasa na jina la Luol Deng mdomoni, rudisha pasipoti ya mtoto wetu

Wanabodi, salaam aleikum. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika na hasira, asiyetaka kusoma apite.

Kuna bwana mmoja, jina lake silitaji kwa sababu mambo yake yako njiani kufika polisi, huzunguka kwenye korti za mpira wa kikapu hapa mjini jioni jioni, jezi ya Chicago Bulls mwilini, simu mbili mkononi. Akimwona kijana mrefu humwendea. Hamuulizi kama anajua kudunda mpira, hamuulizi alama za shule, anawapima kwa urefu tu kama mtu anayechagua boriti za kuezekea. Kisha huja ile kauli yake: "Wewe ni fowadi. Luol Deng alianza hivi hivi." Fowadi ni mchezaji wa mbele, na Deng ni yule nyota wa zamani wa Chicago Bulls kwenye NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani. Wiki haiishi, yuko sebuleni kwa mama mtu, chai ya maziwa mbele yake, anatandaza makaratasi.

Mtoto wa dadangu ni mmoja wao. Dadangu ni mjane, anauza viazi karai na bhajia Majengo. Aliuza bangili zake mbili, zile za mahari. Mimi nilimsindikiza. Sonara alizikwaruza kwenye kijiwe cheusi, akadondosha tone la dawa, akangoja rangi, akaziweka kwenye mizani. Dadangu hakutazama mizani hata mara moja, alikuwa anamsimulia sonara kwamba mwanawe anaenda Marekani kucheza mpira. Pesa zikaenda kwa yule bwana kupitia M-Pesa, fungu baada ya fungu: hii ya I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi), hii ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni), hii ya kushika nafasi, hii "ya kocha". Kocha gani? Mpaka leo hakuna anayejua.

Sasa wacha niuchambue uongo wenyewe, maana najua kuna wazazi wengine humu wanaambiwa maneno yayo hayo.

Tuanze na hilo la "hivi hivi". Deng alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, mwaka 1985, familia ikakimbia vita, akafika Misri akiwa mtoto mdogo. Huko huko Misri ndipo Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyecheza NBA, alipowashikisha mpira yeye na nduguze. Baadaye Uingereza ikawapa hifadhi, wakakaa London. Akiwa na miaka 14, na nasema kumi na nne, akaenda Blair Academy, shule ya bweni huko New Jersey. Akasoma. Akaenda chuo cha Duke kwa kocha Mike Krzyzewski, akacheza msimu mmoja, timu ikafika nusu fainali za vyuo. Mwaka 2004, timu za NBA zilipogawana vijana wapya, akachaguliwa wa 7 na timu ya Phoenix, na haki zake zikapelekwa Chicago. Nionyesheni ni wapi hapo mtu alisimama pembeni ya korti ya lami akamwambia mama yake auze dhahabu. Kijana wetu ana miaka 19, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari keshafanya, na hajawahi kucheza kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao.

Halafu hilo la "wewe ni fowadi". Mpwa wangu ana futi 6 na inchi 3. Majengo ni mrefu, akipita njiani watoto wanamwita mlingoti. Kule Marekani huo ni urefu wa gadi, mchezaji wa nyuma anayedunda na kugawa mipira! Deng aliandikishwa kwa futi 6 na inchi 9, mita mbili na ushei, na bado hakuwa mtu wa kusimama chini ya ringi akingoja mipira. Kazi yake kila usiku ilikuwa kumkaba mfungaji hatari zaidi wa timu pinzani, akina LeBron James, kisha akimbie upande mwingine, akate kuelekea kikapuni bila mpira, apige kutoka kona. Msimu wa 2011-12 na ule wa 2012-13 hakuna mchezaji NBA nzima aliyekaa uwanjani kwa wastani wa dakika nyingi kumshinda yeye: 39.4, kisha 38.7. Mechi nzima ni dakika 48, pigeni hesabu wenyewe.

Mpwa wangu, mtoto wa watu, hajui kudunda kwa mkono wa kushoto. Si kosa lake. Tangu kidato cha kwanza anaambiwa kaa pale chini, wewe mrefu, okota ribaundi umpe mdogo. Angefundishwa kucheza gadi kuanzia mwanzo leo tungekuwa na mazungumzo mengine. Yule bwana alimrekodi video: danki tano, yaani kutumbukiza mpira kikapuni kutoka juu, zote bila mlinzi mbele yake, muziki juu, jina kwa herufi za dhahabu. Pasi hakuna, kukaba hakuna. Kocha gani ataitazama hiyo hadi mwisho?

Na ipo ile namba iliyomwangusha dadangu. "Mama, Lakers walimpa Deng milioni sabini na mbili. Za dola." Kweli walimpa, mwaka 2016, mkataba wa miaka minne. Mbona hasemi yaliyotangulia na yaliyofuata? Mwaka 2012 kano ya kifundo cha mkono wa kushoto ilichanika, akaendelea kucheza hivyo hivyo, na kiangazi kile kile akaenda kuichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2013, katikati ya mechi za mchujo, madaktari wakashuku homa ya uti wa mgongo, wakamchoma sindano mgongoni kutoa maji ya kupima, ugonjwa haukuwepo lakini madhara ya ile sindano yakamlaza, hakurudi tena mchujo ule. Miezi haikupita mingi, Januari 2014 Chicago wakampeleka Cleveland wakapewa Andrew Bynum, na Bynum mwenyewe wakamwacha papo hapo, maana walichotaka ni kupunguza mahesabu ya mishahara. Huyo ni mtu aliyekuwa nyota wa All-Star, ile mechi ya wachezaji bora wa msimu, mara mbili mfululizo! Ndiyo kazi ya fowadi wa kulipwa hiyo. Mwili unaliwa kwanza, karatasi inafuata.

Hizo milioni za Lakers: msimu wa kwanza alicheza mechi 56, wa pili akacheza mechi moja tu. Moja. Wakavunja mkataba 2018, akamalizia Minnesota, 2019 akastaafu. (Na nyinyi mnaopenda kusema pale barazani kwamba aliwaibia Lakers, hakuwawekea bastola kichwani. Waliotia sahihi ni wao.)

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Bwana yule anadai ana namba ya Deng, eti wanashirikiana. Deng baada ya kustaafu amekuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, akatoa pesa mfukoni mwake kuiendesha timu ya taifa, katika nchi ambayo wachezaji hawakuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa kufanyia mazoezi. Timu ile ikaenda Kombe la Dunia 2023. Julai 2024 ikafungwa na Marekani kwa pointi moja, 101-100, kule London, watu tukakesha. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, wakampiga Puerto Rico 90-79. Mtu anatoa chake kuwapa vijana. Wewe unatumia jina lake kuchukua bangili za mjane! Huna haya?

Mbona humtaji Tylor Ongwae? Huyo ni wetu, Mkenya. Amepitia chuo cha Louisiana Monroe, akaenda Ulaya, akacheza na Bakken Bears wa Denmark. Februari 2021 kule Yaoundé, chini ya kocha Liz Mills, alipiga lile kombora la sekunde ya mwisho, Kenya 74, Angola 73, na tukarudi AfroBasket, kombe la kikapu la Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Siku ile Mombasa nzima watu walikuwa wanatumiana ile video. Lakini wakala hawezi kumuuza Ongwae kwa sababu hana milioni sabini na mbili za kumtajia mama. Ana kazi tu, ya halali, ya kuhama mji na kuhama baridi. Kazi ya fowadi wengi wa kulipwa duniani iko hivyo, na hakuna anayewaambia watoto.

Haya, makaratasi. Hapa naomba wazazi msome polepole.

Ile "I-20" aliyomletea dadangu nimeishika kwa mikono yangu. I-20 ya kweli hutolewa na shule yenyewe na ina namba ya SEVIS inayoanza na herufi N. Yake haina namba yoyote, na jina la chuo limekosewa herufi. Barua iliyoambatana nayo inasema kijana amepata "ufadhili kamili wa mpira wa kikapu" katika chuo cha daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Vyuo vya daraja la tatu HAVITOI ufadhili wa michezo. Hakuna hata kimoja. Ada ya SEVIS ni dola 350, mwanafunzi anailipa mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Marekani na risiti inatoka kwa jina lake. Ombi la viza ni dola 185 nyingine. Yeye alichukua mara tatu ya jumla hiyo na risiti hakuna, kuna "poa mama imefika" tu.

Akamwambia pia kwamba afisa wa ubalozi atashuka Mombasa kufanya mahojiano hotelini. Mahojiano ya viza hufanyiwa ubalozini, Gigiri, Nairobi! Mpande SGR kama watu wengine.

Na kuna mkataba aliomtilisha kijana sahihi: asilimia ishirini ya thamani ya ufadhili iende kwake. Mbali na wizi, hilo ni sumu. Kwa sheria za NCAA, anayelipwa kwa kigezo cha kumpatia mchezaji ufadhili anahesabiwa kuwa wakala, na kijana mwenyewe anaweza kupoteza haki ya kucheza. Yaani hata ufadhili ungekuwa wa kweli, karatasi ile ingemfungia mlango.

Nyinyi makocha wa mtaa mnaompelekea majina ya vijana mkapata chochote, tunawajua. Baadhi yenu mmekula chai hiyo ya maziwa pamoja naye.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Aliyeandika "ni tamaa ya mama" akome. Mama aliyeonyeshwa barua yenye muhuri, na kijana anayerudi nyumbani kila usiku akitaja jina la chuo, angefanya nini? Amepigwa changa la macho na mtu ambaye hiyo ndiyo ajira yake.

Aliyeuliza njia ya halali ni ipi: njia ni nyembamba lakini ipo, na haianzi kwa wewe kutuma pesa. NBA Academy ya Afrika iko Saly, Senegal, wao ndio huwatafuta na kuwachagua vijana. Mawakala wa wachezaji wa kulipwa wenye leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wako kwenye orodha, tovuti ya FIBA yenyewe, ingia utafute jina. La huyu wetu nimelitafuta, halipo. Kama ni chuo, kijana amwandikie kocha moja kwa moja, barua pepe zao ziko wazi kwenye tovuti za vyuo, atume mechi nzima na si danki, na alama zake za KCSE. Wengi hawatajibu. Atakayejibu hatadai pesa za kushika nafasi.

Ndugu aliyesema eti ninaua ndoto za vijana wa Pwani sina la kumjibu. Mpwa wangu bado yuko kortini kila jioni. Tumeanza na mkono wa kushoto.

Kwako wewe bwana, maana najua unasoma humu, jana umebadilisha picha ya wasifu wako. Pasipoti ulichukua ukisema ni "ya kupeleka ubalozini", na ubalozi haujawahi kuiona. Pesa ni kesi ya pili, tutaizungumza mbele ya afisa. Pasipoti iwe kwa dadangu Ijumaa kabla ya adhana ya alasiri, nyumba unaijua.

Na wazazi wengine mliomtumia pesa, hata kidogo, msifute jumbe za M-Pesa. Njooni faraghani mnipe tarehe na kiasi. Wawili wameshanitafuta tangu asubuhi, mmoja wa Likoni, mmoja wa Changamwe, na wote wana barua yenye jina lile lile la chuo, limekosewa herufi ile ile.