Neno "happy" katika barua za wageni: ni furaha, ni kuridhika, au ni kukubali tu?

Mapokezi_Unguja ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi katika hoteli moja huku Unguja, upande wa mapokezi, na sehemu ya kazi yangu ni kuwatafsiria wenzangu wa usafi na wa jikoni barua na fomu za maoni ambazo wageni hutuachia kwa Kiingereza. Neno linalonitatiza kuliko mengine yote ni lile ambalo kila mtoto wa shule analijua, nalo ni "happy". Tulifundishwa kwamba maana yake ni "mwenye furaha", tukaridhika na hapo, lakini katika barua za wageni maana hiyo mara nyingi inakataa kukaa.

Hivi karibuni familia moja kutoka Uingereza iliacha barua yenye sentensi hii: "We were not happy with the air conditioning, but we were happy to move to another room." Mwenzangu aliitafsiri hivi: "Hatukuwa na furaha na kiyoyozi, lakini tulifurahi kuhamia chumba kingine." Mkubwa wetu wa kazi alipoisoma tafsiri hiyo alisema kwamba jambo limekwisha vizuri, kwa kuwa wageni wenyewe wamesema walifurahi kuhama, na kwa hiyo hakuna haja ya kuwaandikia barua ya kuwaomba radhi. Mimi niliwaona wageni wale usiku huo wakishuka ngazi na mizigo yao, mtoto mmoja amelala begani kwa baba yake, na sikuona dalili yoyote ya furaha. Hata hivyo nilikosa hoja ya lugha ya kumweleza mkubwa wangu.

Naomba mnisaidie. Je, "happy" ya kwanza na ya pili katika sentensi ile zina maana moja? Fomu yetu nayo inauliza "How happy were you with your stay?" na tumetakiwa tuiandike kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa kutoka Bara na Kenya, tuiandikeje ili isisikike kama maneno ya mashine? Na tofauti ya "happy" na "glad" ni ipi, maana wageni hutumia yote mawili?

Mfasiri_Nairobi amejibu:

Ndugu yangu, hisia yako ilikuwa sahihi, na hoja ya lugha unayoitafuta imo katika neno dogo linalofuata baada ya "happy". Ukikutana nalo, usikimbilie kulitafsiri mpaka umeona linafuatwa na nini.

Likifuatwa na "with", kwa kawaida msemaji anapima kitu au huduma, anasema kama kimefikia kiwango alichokitarajia. Hapo Kiswahili chake ni kuridhika. Mteja anayemwambia fundi "I am not happy with the door" hana huzuni wala simanzi, bali anasema kwamba mlango haujatengenezwa ipasavyo na fundi anatakiwa aurudie. Ni lalamiko kamili, na katika Kiingereza cha Uingereza, ambako watu wengi hupenda kupunguza makali ya maneno yao, "not happy" inaweza kuwa lalamiko zito sana lililovikwa adabu.

Likifuatwa na "to" na kitenzi, mara nyingi msemaji anaeleza utayari wake: yuko tayari kufanya jambo fulani, halimkwazi, hataweka kipingamizi. "I'm happy to wait" haimaanishi kwamba kusubiri kunampa mtu raha. Maana yake ni "nitasubiri, hakuna shida". Ndiyo maana katika barua za ofisi utaona "we would be happy to assist", ambayo sisi tungeandika "tuko tayari kukusaidia". Yapo mazingira ambayo "happy to" hubeba furaha ya kweli, kwa mfano mtu anaposema "I'm so happy to see you" baada ya kupotezana kwa muda mrefu, na hapo "nimefurahi mno kukuona" ndiyo tafsiri yenyewe. Njia ninayoitumia ni kujiuliza kama jambo lenyewe ni la kutamaniwa. Kumwona ndugu ni jambo la kutamaniwa; kubeba mizigo usiku kutoka chumba kimoja hadi kingine si la kutamaniwa, kwa hiyo pale mgeni alikuwa anakubali tu.

Mimi ningeiandika sentensi yako hivi: "Hatukuridhika na kiyoyozi, ila tulikubali kuhamia chumba kingine bila kinyongo." Wageni wale walifunika kombe ili wasiwaaibishe wafanyakazi wenu. Ustaarabu huo haufuti kosa la kiyoyozi, na kwa maoni yangu unawastahilisha zaidi kuombwa radhi. Mwonyeshe mkubwa wako sentensi hiyo mpya, umwache aisome mwenyewe.

Kuhusu fomu, andikeni "Uliridhika kwa kiasi gani na huduma zetu?" na si vinginevyo. "Ulikuwa na furaha kiasi gani na ukaaji wako?" ni sentensi ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuisema kwa kinywa chake.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga amejibu:

Nakubaliana na mfasiri, na ningependa kuongeza historia kidogo, kwa sababu inasaidia kueleza kwa nini neno hili limebeba mizigo mingi hivi. Asili ya "happy" haikuwa furaha. Mzizi wake ni "hap", neno lililoingia katika Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia ya kale, likiwa na maana ya bahati au tukio linalomfikia mtu. Mzizi huo huo umo katika "happen", yaani kutokea, katika "perhaps", yaani labda, na katika "mishap", yaani ajali au mkasa. Neno "happy" lilipoanza kuandikwa katika karne ya 14, mtu aliyeitwa hivyo alikuwa mtu aliyeangukiwa na bahati, ambaye mambo yake yamemnyookea. Maana ya moyo uliochangamka ilikuja kushika nafasi baadaye. Wajerumani nao mpaka leo wana neno moja, "Glück", kwa bahati na kwa furaha pia.

Sasa tazameni Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James, katika Mithali 3:13: "Happy is the man that findeth wisdom." Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuandika kwamba mtu huyo ana furaha. Waliandika "Heri mtu yule aonaye hekima." Walielewa kwamba pale mwandishi anazungumzia hali njema ya mtu, kheri iliyomfikia, hata kama siku hiyo anaumwa na kichwa. Na sisi wenyewe tunaendelea kulifuata jambo hilo katika salamu bila kufundishwa na mtu: "Happy New Year" ni Heri ya Mwaka Mpya. Ninasikitika kila ninapoona kadi zilizoandikwa "Furaha ya kuzaliwa" kwa sababu programu fulani ya kompyuta imesema hivyo. Tunamtakia mwenzetu heri, naye akifurahi, ni matunda ya heri hiyo.

Kuhusu "glad", tofauti yake na "happy" ni ya matumizi kuliko ya kiwango cha hisia. Neno hilo zamani lilimaanisha kung'aa, kisha likahamia kwenye uso na moyo unaong'aa. Leo hutumika zaidi pale ambapo kuna sababu mahususi: "I'm glad you came", nimefurahi umekuja. Halikai vizuri mbele ya jina la mtu. Mwingereza atasema "a happy child" lakini hatasema "a glad child", kwa kuwa "glad" ni mwitikio wa moyo kwa jambo lililotokea, na si tabia ya mtu wala hali yake ya kudumu. Sisi tofauti hiyo tunaibeba katika kitenzi. Tunasema "nimefurahi", kwa wakati timilifu, kwa sababu jambo limetokea na limetugusa. Tukitaka hali ya kudumu tunasema "mtoto mchangamfu", "ana maisha ya raha", au "anaishi kwa furaha". Zaburi ya 122 inaanza kwa Kiingereza "I was glad when they said unto me", na kwa Kiswahili "Nalifurahi waliponiambia". Kuna tukio, na kuna moyo ulioitikia. Kwa mwanafunzi wa kawaida, hilo linatosha kuhusu "glad".

Mkalimani_Leicester amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa wengine wote. Mimi naishi Uingereza na kazi yangu ni kuwakalimania wazee wetu wanaozungumza Kiswahili wanapokwenda kwa daktari. Kuna matumizi ya "happy" ambayo hayajatajwa hapa, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa sababu yanagusa haki ya mgonjwa.

Wauguzi wa huku, kabla ya kumgusa mgonjwa, huuliza hivi: "Are you happy for me to take your blood pressure?" Nimewahi kumsikia kijana mmoja, mjukuu wa mgonjwa, akimtafsiria bibi yake: "Bibi, anauliza una furaha akupime presha?" Bibi alimtazama muuguzi, akamjibu mjukuu wake kwamba yeye ni mgonjwa, furaha ataitoa wapi, na akakunja mkono wake kifuani. Muuguzi akadhani amekataa kipimo. Hakuwa amekataa chochote, hakuwa ameulizwa.

Swali lile ni la kuomba idhini. Kwa Kiswahili ni "Bibi, unaridhia nikupime presha?" au, kwa upole zaidi, "Naomba ruhusa yako nikupime presha." Hapo ndipo ninapouona utajiri wa lugha yetu. Mfasiri wa Nairobi amesema "happy with" ni kuridhika. Mimi nasema "happy for me to" ni kuridhia, na ruhusa anayoitoa mgonjwa tunaiita ridhaa. Maneno hayo matatu ni ya mzizi mmoja, wenye asili ya Kiarabu, na yanafunika sehemu kubwa sana ya kazi ambazo "happy" inafanya katika Kiingereza cha kila siku. Daktari akisema mwishoni "I'm happy with your results", anamaanisha kwamba ameyatazama majibu ya vipimo na hajaona tatizo la kumtia wasiwasi. Nikimwambia mgonjwa kwamba daktari amefurahi, atajiuliza amefurahia nini. Nikimwambia "daktari ameridhika na majibu yako", anapumua.

Ninawaomba wote wanaowakalimania wazazi wao hospitalini walizingatie jambo hili. Mzee anayeulizwa kuhusu furaha mahali anapotakiwa kuulizwa kuhusu ridhaa amenyimwa nafasi ya kusema hapana.

Mfuatiliaji_Dodoma amejibu:

Maelezo ya mkalimani yamenifungulia jambo lililokuwa likinikera kila mwezi Machi, inapotoka ile Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo imekuwa ikichapishwa tangu mwaka 2012. Finland imekuwa ikishika nafasi ya kwanza mfululizo tangu mwaka 2018, na nchi zetu mara nyingi huwa chini. Watu mitandaoni hukasirika, wakiuliza vipi watu wanaocheza ngoma harusini mpaka alfajiri waambiwe hawana furaha.

Lakini orodha ile haitokani na swali la vicheko wala ngoma. Anayehojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, cha juu kabisa kikiwa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, na cha chini kabisa maisha mabaya kuliko yote, kisha aseme yeye anajiona amesimama wapi. Kipimo hicho kilibuniwa na mtafiti wa Marekani, Hadley Cantril. Basi hilo ni swali la kuridhika na maisha: ada za shule, matibabu, ajira, usalama wa kesho. Mtu anaweza kuwa na bashasha kila siku na bado akajiweka kwenye kipandio cha 4, na akawa amesema kweli katika yote mawili. Kama vyombo vyetu vya habari vingeandika "Ripoti ya Kuridhika na Maisha", nadhani mjadala wetu ungehamia kwenye mambo yenyewe, yaani hospitali na mishahara.

Mapokezi_Unguja amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Sentensi ya mfasiri nimeichapisha na kumpelekea mkubwa wangu, naye ameagiza familia ile iandikiwe barua ya kuombwa radhi, ninaiandaa leo. Fomu nayo itatumia "uliridhika". Limebaki moja: mgeni mwingine ameandika "The room was small but we were happy enough." Wenzangu wanaihesabu kama sifa. Je, ni sifa?

Mfasiri_Nairobi amejibu:

Hapana, usiiweke kwenye sifa. "Enough" pale inalipunguza neno badala ya kulikuza. Andika: "Chumba kilikuwa kidogo, lakini tuliridhika kiasi." Kisha, kama mna chumba kikubwa kidogo, wapeni hicho wakija tena.