MREJESHO: Kuvuta orodha ya makala za Wikipedia kwa API

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nikiomba makala za jamii moja (kundi la makala za mada moja) ya Wikipedia ya Kiswahili kupitia API, yaani njia ya programu kuomba data kwenye tovuti, naletewa 10 tu. Mliosema niweke cmlimit=max (nipewe idadi ya juu inayoruhusiwa) mlipatia: sasa zinakuja hadi 500 kwa ombi moja. Zilizobaki nazifuata kwa cmcontinue, alama ya kuendelea pale ombi lilipoishia. Thamani inayokuja kwenye jibu naibandika kama ilivyo kwenye ombi linalofuata, mpaka isitokee tena. Ushauri wa kujihesabia kurasa haukufua dafu, maana thamani yenyewe si namba ya ukurasa.

Kilichogoma ni jamii ndogo. categorymembers, amri ninayoorodheshea yaliyomo kwenye jamii, inazitaja tu, haizami ndani, kwa hiyo bado naziita mojamoja. Inachosha kweli! Anayetaka makala zote za Wikipedia nzima atumie allpages (amri ya kuorodhesha kurasa zote) na apcontinue, inayofanya kazi kama cmcontinue.

Asanteni sana, hasa aliyenikumbusha kuweka User-Agent (maelezo ya kuitambulisha programu yangu kwenye kila ombi).