Diski D inasomeka Ubuntu lakini haikubali kusevu

Stesheni_Chikongola (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Laptopu yangu ina Windows 10 na Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux). Dukani, stesheni yangu ya kuchapa kazi za watu, natumia Ubuntu, maana flashi za wateja zimejaa virusi vya Windows, mwenye stesheni yeyote ananielewa. Windows nimeibakiza kwa ajili ya printa tu. Kazi zote ziko diski D, ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), ili nizipate kotekote.

Sasa D nikiifungua Ubuntu nasoma kila kitu, ila nikisevu naambiwa "Read-only file system". Nimeelekezwa chmod 777, amri ya kufungua ruhusa zote za mafaili, nimepiga, wapi! Fundi wa jirani anataka nifomati. Msimu wa korosho ndio huu, watu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) wananiletea orodha za wakulima nichape kila kukicha, nifomati niende wapi?

kitangari_boy
Usifomati! Dada, hiyo Windows unaizimaje?

Stesheni_Chikongola
Shut down ya kawaida. Umeme ukikatika naiacha, chaji ikiisha inazima yenyewe.

Mzee wa Teminali (Lindi)
Basi umeshajijibu. Tangu Windows 8 ya 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza Shut down, Windows haizimiki kikamilifu, inahifadhi hali yake kwenye faili la hiberfil.sys na kusinzia. Chaji ikiisha nayo kwa kawaida inafanya hivyohivyo. Ubuntu ikiikuta diski katika hali hiyo inakuruhusu kusoma tu, isije ikavuruga mafaili ambayo Windows inaamini bado inayashikilia. Chmod haihusiki kabisa hapo.

Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika hizi, ya kwanza inazima huko kusinzia, ya pili inakagua na kurekebisha D:

powercfg /h off
chkdsk D: /f

Kisha zima, ingia Ubuntu. Utasikia watu wanasifia ntfsfix, amri ya upande wa Linux. Inarekebisha makosa machache na kuiachia Windows ukaguzi wenyewe, kwa hiyo haichukui nafasi ya chkdsk. Na remove_hiberfile, chaguo la kufungua diski kwa kufuta hiberfil.sys, usiiguse kama Windows ina kazi haijasevuliwa, itapotea. Mimi Fast Startup huwa naizima kwenye kila mashine yenye mifumo miwili, kwenye SSD (diski za kasi) hata faida yake huioni.

Stesheni_Chikongola
Imekubali, ahsante sana! Naweza kufanya D ijifungue yenyewe nikiwasha?

Mzee wa Teminali (Lindi)
Piga sudo blkid, nakili UUID (namba ya utambulisho) ya D. Tengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/kazi, halafu ongeza mstari huu mwisho wa /etc/fstab, faili la diski ambazo Ubuntu inazifungua ikiwaka:

UUID=namba_yako /mnt/kazi ntfs-3g defaults,nofail,uid=1000,gid=1000 0 0

Hiyo nofail usiiache. Bila hiyo, siku diski ikigoma, Ubuntu itaisubiri sekunde 90 halafu ikutupe kwenye skrini nyeusi ya dharura huku wateja wamepanga foleni. Kabla ya kuwasha upya, ifunge D (unmount) kama iko wazi, kisha jaribu sudo mount -a. Makosa mengi ya mstari utaambiwa hapohapo, ila ukikosea UUID, nofail itanyamaza, kwa hiyo hakikisha mafaili yanaonekana /mnt/kazi.

Stesheni_Chikongola
Haijalalamika, na orodha ya leo nimeisevu. Bado kuihamisha printa nayo ije Ubuntu, hiyo nitafungulia uzi wake.

kitangari_boy
Taja modeli ya printa humohumo, tusianze kukuuliza.