Tupeane uzoefu: mtu wa huku Nyanda za Juu anaingiaje kwenye Msondo na Sikinde?

Viazi vya Uyole
Wakuu, salaam. Jana jioni pale Mwanjelwa, Mbeya, kibanda cha fundi redio kilikuwa kinapiga dansi la zamani, ile sehemu ya pili ambapo magitaa yanapokezana. Vijana wawili waliokuwa wamebeba magunia walisimama hadi wimbo ukaisha, wakaulizana bendi gani hiyo, wote hawajui. Uzi huu ni wa vijana kama hao, wasiozijua hata Msondo na Sikinde, bendi mbili kubwa za dansi za Dar es Salaam. Mwenye ujuzi aeleze mtu anaanzia wapi, asikilize nini, na hizi kaseti za wazee atazitunzaje kwenye baridi na unyevu wetu huu.

Rizimu ya Pili
Umenigusa pabaya. Watu wengi wanaachana na dansi kwa sababu wanazima wimbo kabla haujafika.

Sehemu ya kwanza ni ya taratibu: mwimbaji anatoa kisa, wenzake wanaitikia, tarumbeta na saksafoni zinajaza nafasi kati ya beti. Halafu inakuja chemko. Drams inavunja, maneno yanapungua, na bendi inaanza kuzunguka kwenye kodi zilezile tatu. Hapo ndipo mpiga solo anapopata uhuru wake, na ukumbini chemko hilo linaweza kwenda mara mbili au tatu ya urefu ulioko kwenye rekodi. Ndiyo maana santuri nyingi ndogo za zamani zilikatwa upande A na upande B. Ukisikiliza upande A tu umesikia kisa, muziki wenyewe umebaki nyuma.

Chukua wimbo mmoja, uurudie mara tano. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Usitumie spika ya simu, haitoi sauti nzito, besi yote inapotea. Vaa visikizio vya kawaida vya waya. Mara ya pili tafuta rizimu, ni gitaa la katikati lisilotulia. Mara ya tatu second solo, inakaa juu kidogo ya rizimu na inarudia kifungu kifupi bila kuchoka. Ya nne solo. Ya tano vipulizo (tarumbeta na saksafoni) na tumba. Rekodi nyingi za Redio Tanzania za wakati ule hazikugawa sauti kulia na kushoto, kwa hiyo usitafute gitaa lipo sikio gani, litafute kwa urefu wa sauti yake, yaani nyembamba au nzito.

Kabwe Stendi
Besi kwanza. Naunga mkono kwa mikono miwili.

Mama Chemko
Mimi napinga kidogo, kaka Rizimu. Anayeanza aanze na maneno. Dansi la kwetu lilipendwa kwa sababu lilisema habari za ndoa, barua za nyumbani, mshahara, wivu. Kijana akishajua kisa ndipo chemko linamwingia, maana gitaa linaendeleza pale mwimbaji alipoachia. Ukimwambia ahesabu magitaa matano siku ya kwanza utamchosha.

Rizimu ya Pili
Dada, magitaa ni manne na besi ikiwemo, siyo matano. Ila nimekuelewa.

Ngoma ya Ukae
Kwa anayeanza, Sikinde. Basi. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilianza 1978, na ndani yake kulikuwa na Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule, Abel Balthazar, na Michael Enoch aliyekuwa mpiga solo hodari wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksafoni. Sikiliza vipulizo vinavyopangwa pale, hakuna bendi iliyofikia.

Baba ya Muziki
Gurumo na Bitchuka wako wametoka wapi kama si Msondo? NUTA Jazz imeanza 1964, Gurumo akiwemo. Ikawa Juwata, ikawa OTTU, sasa Msondo Ngoma, na haikuwahi kufa katikati. Gurumo mwenyewe alikwenda Sikinde, 1985 akatoka kwenda bendi ya Safari Sound kuanzisha mtindo wa Ndekule, na mwisho alirudi nyumbani Msondo. Saidi Mabera aliingia na gitaa lake miaka ya 1970 na hakuhama. Ukitaka kujifunza bendi inavyoweza kubadili waimbaji na ikabaki na sauti ileile, fuata solo la Mabera kutoka rekodi za Juwata hadi za Msondo. Mkono ni ule ule.

Ngoma ya Ukae
Kuanza mapema siyo kupiga vizuri.

Baba ya Muziki
Na kuchukua wapigaji wa wenzako siyo kuanzisha mtindo.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene! Mnagombania bendi za Dar wakati sisi Iringa tulikuwa na yetu. Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, hapa hapa Iringa. Wale mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliimba pamoja na sauti zikashikana hadi huwezi kujua nani ameanza mstari. Kijana wa Nyanda za Juu aanzie hapo. Akishazoea sauti mbili zinazoshikana, atasikia kwa urahisi waitikiaji wa Msondo na wa Sikinde wanavyotofautiana.

Kabwe Stendi
Tancut! Leo umefanya la maana.

Fundi Makambako
Kwa kuwa kaseti zimetajwa, naomba niandike kirefu, kwa sababu wiki hii imeletwa kanda moja kutoka Tukuyu na yaliyoipata yanaumiza.

Ni C-90, kaseti ya dakika 90, dansi lililorekodiwa kutoka redioni, imekaa miaka juu ya dari la jikoni. Kwenye kidirisha ukingo wa mkanda umekuwa mweupe kama umenyunyiziwa unga. Hiyo ni kuvu. Wenyewe waliiona wakaiweka redioni hivyo hivyo. Ikazunguka dakika chache, ikamezwa. Wakavuta kwa nguvu, mkanda ukakatika. Halafu mtu akachukua mkasi, akakata kipande chote kilichojikunja, akakitupa, akaunga ncha mbili kwa selotepu. Kilichotupwa ni kama sentimita 30. Kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Zimeondoka sekunde sita, na ni pale pale drams inapovunja na solo inaingia. Unasikia mwimbaji anamalizia neno, kimya kidogo, halafu chemko liko katikati tayari. Mlango wenyewe haupo.

Sasa sikilizeni. Kipande kilichojikunja hakitupwi. Kinalazwa kwenye kioo safi, kinanyooshwa taratibu kwa ncha ya kidole iliyovikwa kitambaa laini. Kikipigwa sauti itafifia kidogo kwenye mikunjo, lakini muziki umo. Ukikata haurudi.

Redio inameza kwa nini? Mara nyingi ule mpira mwembamba unaozungusha gurudumu la kupokea umelegea. Raba ya kubana inaendelea kusukuma mkanda, upande wa pili hakuna anayeuvuta, basi unajiviringisha kwenye raba. Kabla ya kupiga kanda iliyolala muda mrefu, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe, ili mkanda ulegee na ujipange upya. Yenye kuvu USIFANYE hivyo kwenye redio yako nzima. Tumia mashine mbovu mbovu uliyoitenga, nje ya nyumba, pua imefunikwa, mkanda ukipita kwenye kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Ukimaliza safisha njia yote, la sivyo kuvu inahamia kwenye kanda inayofuata.

Hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, inasafishwa kwa pamba ya masikio na spiriti kali isiyo na mafuta. Raba ya kubana ipewe maji na sabuni kidogo, spiriti inaikausha ikapasuka.

Kuunga: fungua ganda lenye skrubu tano. Kama lako limegandishwa kiwandani, lipasue ukingoni na uhamishie mkanda kwenye ganda la skrubu. Ncha zote mbili zikatwe mshazari kwa wembe mpya, zigusane bila kupandana, na utepe maalumu wa kuungia ubandikwe upande wa nyuma wa mkanda, siyo upande unaogusa hedi. Selotepu gundi yake inatambaa, baada ya miezi michache tabaka linashikana na jirani yake na kanda inakatika tena palepale.

Viazi vya Uyole
Sekunde sita. Nimesoma mara mbili.

Mama Chemko
Jamani huo mlango. Hauwezi kuzibwa kwa nakala nyingine ya wimbo huo huo?

Baba ya Muziki
Uzibwe! Tafuta kanda ya mtu mwingine aliyerekodi kipindi hicho, chukua sekunde zile.

Rizimu ya Pili
Msizibe kimyakimya. Bendi hizi hazikupiga chemko moja mara mbili sawasawa. Ukichomeka solo ya siku nyingine umetengeneza wimbo ambao haukupigwa. Weka nakala yenye pengo kama ilivyo, na kama unaziba, iwe faili la pembeni lenye jina linaloeleza hivyo.

Fundi Makambako
Rizimu yuko sahihi, na hata kuziba kwenyewe kuna kikwazo: mwendo. Redio iliyorekodi kwa betri zinazoishiwa ilizunguka polepole. Ukiipiga kanda hiyo kwenye mashine nzima, muziki unakimbia na sauti ya mtu mzima inakuwa ya kijana. Kwenye kompyuta punguza mwendo na urefu wa sauti kwa pamoja, usiguse mwendo peke yake. Kosa la kama asilimia 6 ni nusu toni nzima, hatua moja ya kidole kwenye gitaa. Linganisha na rekodi safi ya wimbo huo huo kabla ya kuamua.

Kuingiza kwenye kompyuta: waya kutoka tundu la laini (line out) la dekki, siyo tundu la visikizio ukiweza, na kamwe siyo simu iliyowekwa mbele ya spika. Kilele cha sauti kikae karibu na desibeli -6, kisiguse sifuri. Hifadhi WAV, biti 24, 48 kHz. MP3 ni ya kutumiana tu.

Kabwe Stendi
Kwa nini msiwaambie tu waende mtandaoni? Nyimbo zote zipo.

Ngoma ya Ukae
Zipo, na nusu zimeandikwa jina la bendi siyo. Wimbo wa Vijana Jazz unaitwa wa Sikinde, wa Maquis unaitwa wa Msondo. Kwa anayeanza ni hatari, anajifunza sikio lisilo lake.

Mnyalu wa Kihesa
Mtandao uwe wa kuonja. Ila kuna siku upande basi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, panga kwenda na sikukuu, ndipo Msondo na Sikinde hupenda kukutanishwa. Fika mapema, simama upande wa mpiga rizimu maana ndiye anayefunikwa na spika za mbele. Ukitaka kuwatuza wanamuziki, beba noti ndogo ndogo na usubiri chemko, usimkatize mwimbaji katikati ya kisa.

Viazi vya Uyole
Asanteni sana. Fundi, kuna mzee hapa Uyole ana sanduku la kaseti, kama ishirini hivi, mbili zina huo unga mweupe. Nifanye nini leo?

Fundi Makambako
Leo usipige hata moja. Hizo mbili zitenge kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni. Zilizobaki zisimamishe wima kama vitabu, sebuleni, mbali na jiko na mbali na spika. Vunja vile vidole viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda ili asije mtu akarekodi juu yake. Muulize mzee kila moja ilitoka redio gani na mwaka gani, uandike kwa penseli kwenye karatasi ya ndani. Halafu niambie ngapi zina skrubu na ngapi zimegandishwa, nijue nitafute maganda mangapi.

Viazi vya Uyole
Nimehesabu. Kumi na nne zina skrubu, sita zimegandishwa. Na moja kati ya hizo sita ameandika kwa mkono, "Tancut, Iringa".

Mnyalu wa Kihesa
Hiyo ianze.