Karakana ya shule imefungwa: lezi 2, drili na randa ya umeme. Nauzaje kwa mafundi wa nyumbani badala ya chuma chakavu?

mtunza_stoo
Wakuu, habari za leo. Shule binafsi hapa Mbeya imefunga karakana yake, chumba kimekuwa maabara ya kompyuta. Zimebaki lezi mashine mbili (za kuchongea chuma) zenye kitanda cha futi tatu hivi, drili ya kusimama, mashine ya kuranda ya inchi 12, majiliwa 9 na masanduku mawili ya vikorokoro. Mota zote ni fezi tatu. Watu wa skrepa wameshakuja na mzani wao. Bodi inapenda ziende kwa watu wanaofanya ufundi nyumbani kwa mapenzi yao. Naanzia wapi, na mtu mwenye fezi moja kule Uyole au Kihesa atazitumiaje?

karani_wa_mali
Anza na karatasi, mkuu. Toa rejesta ya mali, andika namba iliyogongwa kwenye kila mashine, kisha bodi ikae na muhtasari utaje mashine moja moja. "Vifaa chakavu vya karakana" haitoshi. Mnunuzi akisimamishwa njiani na lezi juu ya gari, karatasi ya namna hiyo haimsaidii. Stakabadhi nayo ibebe namba ileile.

Angalia pia zilikujaje. Kama ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi kama msaada, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka ushuru ulipwe zikihamia kwa mtu asiye na msamaha. Ulizeni TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kutangaza. (Kwa wa shule za serikali wanaosoma hapa: mkuu wa shule hauzi. Kuna ukaguzi, tathmini na kibali cha kuondosha mali, kisha mnada au zabuni, na malipo yanapita kwenye kumbukumbu namba ya serikali.)

chaki_taya_nne
Mwalimu, kabla ya yote, hayo masanduku ya vikorokoro usiyaguse. Thamani ya lezi imelala humo. Tafuta chaki (kile kibanio kinachoshika chuma kinachochongwa) ya taya tatu na ya taya nne, taya za kugeuza nje, ufunguo wa chaki, senta, kishikio cha kisu na zile gia za kubadilisha za kukatia tredi (hesi). Lezi isiyo na gia zake haikati tredi, na kuzichongesha upya moja moja kunaweza kuzidi bei ya mashine. Panga kila kitu mbele ya lezi yake, piga picha, usiuze chaki peke yake hata mtu akikubembeleza vipi.

Sasa ipime, maana mnunuzi anayejua ataipima mwenyewe. Fungua kifuniko cha kichwa uhesabu meno ya gia za kupunguza mwendo. Hapo ndipo lezi za shule huumia: chaki ikigoma kufunguka, mwanafunzi anaingiza gia hizo huku pini ya kufungia ikiwa bado ndani ili spindo (mhimili unaozungusha chaki) isizunguke, halafu anavuta bomba. Meno mawili yanaondoka.

Kisha kitanda, ile sehemu ndefu yenye reli. Kaza lile bamba la kurekebisha mpaka keriji (kigari kinachobeba kisu) iteleze kwa shida kidogo karibu na chaki, halafu isukume kuelekea kichwa cha nyuma. Ikikwama katikati, ujue reli zimelika upande wa chaki, ambako kazi nyingi hufanyika. Si aibu, iandike kwenye tangazo. Spindo iwekee dayo geji (saa ya kupimia mtikisiko); mtikisiko wa 0.01 hadi 0.02 mm ni mzuri. Ulegevu wa mpini wa kisu usikutishe, mara nyingi ni nati ya shaba tu na inachongwa upya.

Kutu ya juu toa kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma, kisha oili. Grainda na msasa usivipitishe kwenye reli. Na usipake rangi! Lezi ya zamani iliyong'aa rangi mpya inamfanya fundi aulize nini kimefichwa.

Bei: uzito mara bei ya skrepa ya siku hiyo ndiyo sakafu. Lezi inayozunguka mbele ya macho ya mnunuzi, yenye vifaa vyake, haipaswi kukaribia sakafu hiyo. Uza moja moja. Ukizifunga fungu moja, mwenye fedha za fungu zima atakuwa yuleyule wa mzani.

fezi_moja
Kwenye umeme jibu liko kwenye kibati cha mota. Kikisoma 230/400, delta kwa nyota (namna mbili za kuunganisha koili za mota), mnunuzi amepona: ananunua inveta ya mota (si ya sola) inayopokea 230 fezi moja na kutoa 230 fezi tatu, na mota inafungwa delta. Mota ya 1.5 kW inaendeshwa hivyo bila shida. Kikisoma 400 delta/690 nyota, inveta hiyo haifai. Nafuu kubadili mota.

Makosa mawili yanayoua inveta: kuacha swichi ya zamani ya lezi kati ya inveta na mota, na kuizimia hapo mashine ikiwa inazunguka. Swichi ile ihamishiwe kwenye nyaya ndogo za kuamuru inveta. Tena kama chaki imefungwa kwa tredi kwenye spindo, zima kabisa kurudi nyuma na breki ya ghafla, vinginevyo chaki inajifungua na kuruka.

Kwa drili kepasita inaweza kutosha badala ya inveta, kama 70 µF kwa kila kilowati, ile ya kudumu ya volti 450. Ya kuwashia tu itapasuka. Nguvu inashuka hadi theluthi mbili hivi na kuanza kunakuwa kwa uvivu.

mtunza_stoo
Asanteni sana. Lezi moja kibati kinasoma 415 tu, na nyaya zinazotoka ni tatu. Na mashine ya kuranda je? Kuna mtu wa Mafinga anaitaka.

fezi_moja
Hiyo mara nyingi nyota imefungwa ndani ya koili. Fundi wa kusuka mota anafungua, anatafuta kile kiungo cha nyaya tatu na kuzitoa nje ziwe sita. Isipokuwa mota ni ya mwendo kasi mbili, hapo acha. Mwambie mnunuzi mapema, umpunguzie gharama hiyo.

mbao_na_visu
Randa: tazama roli la visu. Likiwa la mraba, usimpe mtu wa nyumbani kwa bei yoyote. Pengo lake linameza kidole kizima, la duara walau pengo lake ni dogo, ingawa nalo hukata. Uza mota, meza na stendi kama vipuri. Likiwa la duara, safisha utomvu wa paini kwenye roli za kuvutia kwa mafuta ya taa, la sivyo mbao zitakwama na mnunuzi atadhani gia zimekufa.

Kuhamisha lezi: inaweza kupita kilo 300 na uzito mwingi uko kichwani na juu. Kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) isiiguse, tafuta Kenta. Sukuma keriji hadi mwisho wa nyuma uifunge, bolti miguu kwenye mbao mbili za inchi 4 kwa 4 zilizotokeza pembeni, iviringishe juu ya mabomba ya inchi moja na nusu. Mkanda wa kuinulia upite chini ya kitanda, usibane skrubu ndefu ya mbele. Ikipinda, haikati tena tredi sawasawa. Inayoshuka mlima Kitonga ifungwe pande nne na turubai juu, hasa mvua zikiwa zimeanza.

mtunza_stoo
Sawa wakuu. Kesho nafungua kile kifuniko nihesabu meno, picha nitaweka hapa.