Aliyeingia na povu kwenye maji ya moto ya Kinosaki aje hapa atuombe radhi

Wakuu, naandika mikono ikinitetemeka kwa hasira. Nyote mnamjua ninayemsema, kwa hiyo jina lake sitalitaja.

Tulisafiri familia nzima kutoka Osaka mpaka Kinosaki, mji wa chemchemi za maji ya moto mkoani Hyogo, Japani, kwa sababu Baba, ambaye amekuja kututembelea, alitamani kuyaona majani ya momiji (miti ya maple ya Kijapani) yakigeuka mekundu na kuonja kaa wa Novemba. Mji ule una mabafu 7 ya umma, na mgeni aliyelala pale huvaa yukata (kimono chepesi cha pamba) na viatu vya mbao, akapita kandokando ya mto kutoka bafu moja hadi jingine bila kudaiwa chochote. Sharti lake hata mtoto wa chekechea analijua: unaketi kwenye kistuli, unajisugua, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia majini.

Yeye akaja na povu. Povu kichwani, povu kwapani, povu masikioni, povu la kutosha kufulia mashuka ya mji mzima. Akazama mzimamzima ubavuni mwa Baba, akaibuka, akajifikicha kichwa kwa mikono miwili, na lile povu likaelea taratibu mpaka kidevuni mwa mzee mmoja wa Kijapani, ambaye alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka bila kutamka neno. Nilipomkanya, akanijibu mbele ya Baba: "Kwani haya si maji ya kuogea?"

Mbele ya Baba, jamani! Kaa aliletwa mezani usiku ule na sikuisikia ladha yake, kwa kuwa kila nikifumba macho naliona povu likisafiri kuelekea kidevu cha mtu mzima.

Jibu la 1: Pole sana, mkuu. Huyo huyo, tulipokuwa Kusatsu, mji mwingine wa chemchemi za maji ya moto, alifungulia bomba la maji baridi, wakati wenyeji wa kule huyakoroga maji kwa mbao ndefu ili yapoe bila kuzimuliwa.

Jibu la 2: Na wewe ulikuwa unatazama nini alipokuwa anatoka kwenye kistuli na povu lake? Ungemshika mkono palepale, usingekuja kutulilia sisi.

Jibu la 3: Afadhali ninyi mmepata povu. Sisi tulikwenda Hakone, karibu na Tokyo, tukanunua yale mayai meusi yanayochemshwa kwenye bonde la volkano la Owakudani, yanayosemekana kumwongezea mlaji miaka 7 ya kuishi, na shangazi akayala yote ndani ya basi. Naomba tulijadili hili kwanza.